Sifa za Mshale

Sindano hakuwa mtu wa ugomvi. Ukimkanyaga mguu alikuomba radhi yeye. Lakini alikuwa na kidonda kimoja, na ukikigusa hicho alinuna mpaka mwezi uandame: hakutaka kusikia mtu akilisema vibaya gari la Mshale. Viti vya gari hilo alivishona yeye, tangu la kwanza lilipotoka kiwandani hadi la mwisho, na jina la Sindano alipewa hukohuko, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila sindano iliyochomekwa kwenye ukosi wa shati. Sasa alikuwa anakaribia kustaafu, na mtu anayekaribia kustaafu huanza kujiuliza maswali ambayo zamani alikuwa hana nafasi nayo. Sindano alijiuliza moja tu. Alitaka kujua kama kazi yake ilimfaa mtu yeyote.

Kiwanda chenyewe, watu wengi wamesahau, kilianza na vitanda. Vilikuwa vitanda vya chuma vya mabweni, vile ambavyo ukigeuka upande wa pili bweni zima linajua. Baada ya vitanda yakaja matoroli. Mwenye mali, mzee aliyeitwa Babu Nati kwa sababu mfuko wake haukukosa nati mbili tatu za kuchezea, akapata kandarasi ya kuunganisha malori yaliyoletwa vipandevipande ndani ya masanduku. Siku moja sanduku likaja pungufu. Wengine wakataka kuandika barua ya malalamiko ng'ambo. Babu Nati akaagiza vile vilivyokosekana vichongwe palepale, vikachongwa, lori likaondoka kwa miguu yake. Basi mzee akakaa juu ya toroli akasema, kama tumeweza kipande, kizima kinatushinda nini?

Ndivyo Mshale ulivyozaliwa. Lilikuwa gari dogo, fupi, lenye uso na mgongo vinavyofanana, kiasi kwamba wanunuzi wa kwanza waliuliza mbele ni wapi. Mbio halikuwa nazo. Watu walisema ni mshale kweli, ila umerushwa na mtoto. Lakini lilinunuliwa, kwa sababu lilitengenezeka kwa waya na bisibisi, na kwa muda wa miaka mingi ukisimama kwenye njia panda yoyote usingekosa kuliona likipita, au likisukumwa. Kisha Babu Nati akafariki, warithi wakauza, wenye mali wapya wakaliacha jina kwenye geti na kuanza kuunganisha magari ya kubebea mizigo. Viti vya magari hayo vilikuja vimeshonwa tayari, vimefungwa kwenye maboksi. Chumba cha ushonaji akabaki Sindano na cherehani yake, akiziba hiki na kile, na ilijulikana kwamba akiondoka yeye kitakuwa stoo.

Mwaka huo kiwanda kiliamua kusherehekea umri wake. Meneja wa mauzo, mama mmoja mwenye haraka aliyekula chakula cha mchana akiwa amesimama, akaingia chumba cha ushonaji.

"Fundi, nina shida na wewe," alisema. "Kwenye sherehe nataka mwenye Mshale aje na gari lake, asimame mbele ya watu aseme anavyoliona. Sitaki mtu wa kupangwa. Nataka mtu wa kweli na gari linalotembea. Wewe unawajua."

"Nitamtafuta," alisema Sindano.

"Na siku hiyohiyo tutakuaga. Kwa hiyo uchague mtu atakayesema vizuri, usije ukaagwa kwa matusi." Akacheka, akaenda zake. Sindano hakucheka. Wazo la kuagwa huku mtu anayelifahamu gari lake akilisifia mbele ya umati lilimwingia moyoni likakaa. Alilitaka jambo hilo kuliko saa ya ukutani ambayo alijua wamekwisha kumnunulia.

Akaanza kwa msambaza mikate. Alimkuta akipakia kreti, akamwuliza analionaje gari. Msambaza mikate akaweka kiganja juu ya boneti, akatikisa kichwa.

"Hili si gari, ni adhabu," alisema. "Nilimkosea nani mimi?"

"Sasa mbona huliuzi?"

"Mkosi unauzwa?"

Akaenda kwa nesi mstaafu, aliyekuwa akiosha Mshale wake kwa sabuni ya kuogea na kitambaa laini. Nesi naye akaligonga bodi kwa vidole. "Mdogo wangu, mimi nimeolewa mara mbili," alisema. "Lakini aliyenitesa ni huyu." Akaendelea kumsugua huyo mtesaji wake nyuma ya taa, pale ambapo hakuna macho yanayofika.

Sindano alirudi nyumbani akisukuma baiskeli, hakuwa na nguvu ya kuipanda. Yeye gari hakuwahi kulimiliki. Kila mwaka alisema mwaka ujao, mpaka Mshale ukaacha kutengenezwa. Kwa hiyo alilijua kwa ndani tu, likiwa jipya, likinuka gundi, kabla halijakutana na barabara wala mwenyewe. Na wahenga hawakukosea, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye aliyasikia maneno ya wenye magari akayachukua kama yalivyo, moja kwa moja, akayatia ndani akalala nayo.

Hata hivyo wote wawili walikuwa na udhuru. Kwa msambaza mikate siku ya sherehe ilikuwa ya kazi, nesi alikuwa anasafiri. Akabaki mtu mmoja. Sindano alijua tangu mwanzo kwamba mtu huyo yupo, ndiyo maana alianzia kwa wengine.

Alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, mpima ardhi mrefu aliyezungumza polepole kana kwamba kila neno analipimia mpaka. Mshale wake ulikuwa wa toleo la kwanza kabisa, na ulikuwa bado unatembea. Lakini miaka ya nyuma, mezani kwa dada, watu wakiwa wamejaa, Shemeji aliulizwa habari za gari lake akasema: "Aliyeliunda alikuwa na usingizi. Na aliyeshona viti, huyo alikuwa anaota kabisa." Meza nzima ikaangua kicheko. Sindano akaweka kijiko chini, akasema ameshiba, na hakuwa ameshiba. Tangu siku ile alifika nyumba ile kwa ugonjwa na msiba tu, na akifika alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Dada yake alisema naye mpaka akachoka.

Sasa akaenda, mikono nyuma kama mtu wa kukopa. Dada alipomwona mlangoni bila mgonjwa wala maiti, alishika kifua.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, dada. Nimekuja kumwona Shemeji."

"Basi kaa ndani, usikae hapo kwenye upepo kama mgambo."

Shemeji alitoka chumbani amevaa miwani ya kusomea. Gari lilikuwa palepale lilipokuwa siku zote, chini ya dirisha la sebule, pua yake karibu iguse pazia. Sindano alieleza alichotumwa. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, akatazama dirishani, akashusha sauti kidogo.

"Nitakuja," alisema. "Ila mimi nikisimama kwenye kipaza sauti nitasema ninavyosema siku zote. Usitegemee kingine."

"Sema ukweli tu, shemeji," alisema Sindano, na ukweli huohuo ndio aliokuwa akiuogopa.

Siku ya sherehe uwanja wa kiwanda ulipigwa maturubai. Wafanyakazi wa zamani walikuja, wengine kwa mikongojo, na wenye Mshale kadhaa walikuja kwa sababu walisikia gari la mwenzao linaonyeshwa. Gari la Shemeji lilisimamishwa kando ya jukwaa, limeoshwa, limefungwa utepe kwenye kioo cha pembeni. Dada alikaa mstari wa mbele. Sindano alivaa suti, ukosi mtupu, na mkono wake ulikuwa ukipanda kila mara kutafuta sindano isiyokuwepo. Walimpa saa ya ukutani, watu wakapiga makofi ya adabu. Kisha Meneja akamkaribisha mwenye gari.

Shemeji alipanda, akairekebisha miwani, akaweka mkono mmoja juu ya paa la gari lake.

"Niliponunua gari hili nilikuwa na nywele," alianza. "Wananiita mpima ardhi. Ni kweli nimeipima nchi, lakini sehemu kubwa nimeipima kwa miguu, kwa sababu ya hili. Limeniacha mlimani, limeniacha darajani, limeniacha mbele ya wakwe zangu. Breki zake mpaka uzibembeleze. Honi inalia siku inayojisikia. Mvua ikinyesha nje, na ndani inanyesha, ila kwa heshima, polepole. Watu huniuliza kwa nini sijamgawia mtu. Nimgawie nani? Sina adui wa kiasi hicho."

Nyuma ya uwanja wenye Mshale walikuwa hoi. Mmoja alisimama kabisa akipiga makofi juu ya kichwa. Kwenye jukwaa tabasamu la Meneja lilikuwa limeganda, na wakubwa waliokaa naye walikuwa wakitazama viatu vyao.

"Na viti," alisema Shemeji, akamtafuta Sindano kwa macho, akampata. "Viti sivisemi. Fundi wake ni shemeji yangu, nitanyimwa chakula nyumbani."

Vicheko vikapanda tena. Sindano aliiweka saa yake kwenye kiti, akainuka, akapita nyuma ya maturubai bila kumwangalia mtu.

Alikwenda chumba cha ushonaji kwa kuwa hakuwa na kwingine pa kwenda. Akakaa mbele ya cherehani. Aliumia, tena sana. Maisha yake yote ameiinamia mashine hii, mgongo umepinda, macho yamepungua, halafu siku ya mwisho yakasomwa kwenye kipaza sauti kuwa mzaha, na aliyeyasoma amemleta mwenyewe kwa mikono yake. Hakuwa na hasira hata. Alijiona mjinga tu, kama mtu aliyepika sherehe nzima halafu akakuta wageni wamekula kwao.

Mlango ukafunguliwa, Shemeji akainamisha kichwa akaingia.

"Unalia?"

"Nyuzi zinatoa vumbi."

Shemeji akasogea dirishani. Kutoka pale gari lilionekana vizuri kando ya jukwaa, na utepe wake. "Hapa hapafai," alisema. "Inuka, twende."

"Niache, shemeji. Umeshasema, imetosha."

"Sijasema bado. Inuka."

Akamshika mkono, akamtoa mlango wa nyuma, wakapita vyoo, wakapita tangi la maji, mpaka kwenye ukuta wa mwisho palipolundikwa fremu za vitanda zilizooza. Shemeji akageuka kutazama walikotoka, akahakikisha gari halionekani. Ndipo akavua miwani.

"Wewe umefanya kazi kiwandani miaka yote," alisema, "na hakuna aliyekwambia kwamba Mshale hausifiwi ukisikia?"

Sindano alitikisa kichwa.

"Mgema akisifiwa, si tembo hulitia maji? Sasa huyu ni mgema wa magurudumu manne. Nililisifia mara moja, siku ya kwanza kumpeleka dada yako kwetu. Nikasema mbele ya wazee, gari hili halina mfano. Sijafunga mdomo, klachi ikakatika. Kila mwenye Mshale ana kisa chake. Kwa hiyo tukiwa karibu nalo tunalisema vibaya. Tukitaka kulisema vizuri tunakwenda mbali. Wale waliopiga makofi kule nyuma unadhani walishangilia nini? Walisikia ninavyolipenda."

"Unaamini mambo hayo? Mtu mzima, msomi?"

"Siamini hata kidogo," alisema Shemeji. "Ila sitaki kujaribu."

Sindano akaegemea fremu ya kitanda. Ikalia. Alikumbuka kiganja cha msambaza mikate juu ya boneti, na nesi akisugua nyuma ya taa.

"Na ile siku ya mezani? Kwamba nilikuwa naota?"

"Gari lilikuwa wapi siku ile?"

"Dirishani."

"Sasa ningesemaje? Nilidhani unajua. Wewe ni mtu wa kiwanda, nani atamfundisha fundi desturi za gari lake? Dada yako aliponiambia umenuna nikasema akija nitamtoa nje nimweleze. Hukuja. Ukija umekuja na msiba, unakaa mlangoni, unaaga. Wewe bwana unanuna kwa ufundi, mshono wa mara mbili."

Kisha Shemeji akasema kwa sauti nyingine.

"Sasa nisikilize, maana sitarudia. Injini siyo ile niliyonunua. Gia boksi nilitoa kwenye gari lililoanguka. Milango ya kulia ni ya gari la mtu mwingine, mpaka rangi haikubaliani. Usukani nimebadili, sakafu nimechomelea. Ukiniuliza lile gari nililotoka nalo kwenye geti hili nikiwa kijana liko wapi, limebaki viti. Sijavigusa. Vimebeba vyuma vyangu vya kupimia, vyenye ncha. Vimebeba saruji na watoto wanaotapika. Siku nilipokuwa nampeleka mama hospitali, yule mama alikuwa hapati usingizi tena, kila mkao unamuuma. Nikamlaza kiti cha nyuma. Tulipofika nikaenda kumchukua, akaniambia, mwanangu, hapa nimepumzika, niache kidogo. Nikazima injini, nikakaa naye. Hakuomba tena kitu kingine. Mshono haujafumuka hata mmoja, shemeji. Dada yako mwenyewe sijamwambia, kwa sababu mimi na yeye tunaongeaga tukiwa garini."

Sindano alifuta uso kwa mkono wa suti, akafuta tena. Lile swali alilokuwa akitembea nalo lilikuwa limejibiwa, na mwenye kulijibu alikuwa mama mmoja ambaye hakujua kiti alichokilalia kilishonwa na nani. Alishika mkono wa shemeji yake, akaushikilia, na wazee hao wawili wakasimama hapo kati ya vitanda vibovu mpaka kelele za uwanjani zikaanza kupungua.

Waliporudi watu walikuwa wanatawanyika. Dada alishakaa mbele ya usukani, saa ya ukutani iko mapajani. Alimtazama mdogo wake usoni, akamtazama mumewe, akaona jambo limekwisha, akasema tu, "Leo unakula kwangu, na utakaa ndani." Akazungusha ufunguo. Gari likasema kitu kifupi, likanyamaza. Akazungusha tena. Safari hii halikusema hata hicho.

Shemeji alifumba macho. "Limesikia," alisema. "Nilijua tu, afadhali tungevuka ukuta."

"Betri hiyo," alisema Sindano.

"Sawa, betri. Njoo tusukume."

Wakaenda nyuma, mmoja kila upande, wakaegemeza mabega. Meneja alikuwa amesimama kwenye ngazi ya ofisi, sahani mkononi, akiwatazama. Gari likaanza kubiringika kuelekea getini, zito, halina haraka. Dada akaachia klachi, likashtuka, likakataa.

"Litukane," alisema Shemeji akihema.

"Nani, mimi?"

"Wewe. Mimi limenizoea."

Sindano aliendelea kusukuma, akitafuta. Miaka yote hiyo maneno aliyokuwa nayo juu ya gari hili yalikuwa mazuri matupu, hakuwahi kuweka akiba ya mengine. "Wewe," alisema, akakwama. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. "Wewe gari. Wewe ni kochi lililopotea njia."

Shemeji alicheka mpaka bega likateleza. "Ongeza."

"Kochi lenye pua. Aliyekupa jina la mshale hajawahi kuona mshale. Hata baiskeli yangu inakuonea haya."

Gari likapiga chafya, likatoa moshi mweusi uliowafunika wote wawili, likawaka. Dada hakusimama kuwangoja, maana Mshale ukishawaka huwa hausimamishwi. Akapita getini, mkono nje ya dirisha akiwaita. Wakamkimbilia barabarani, Shemeji ameshika miwani isianguke, na Sindano mbele yake na suti yake nyeusi kwa moshi, akilitukana gari bila kupumzika.